Barua Kutoka Huangpu: Siri ya Kilo Zangu

Jamaa wapenzi,

Sisi huku hatujambo, na tunatumaini nanyi huko Mombasa, Dar es Salaam, Maskati, Leicester na Toronto mko salama. Mwezi wa tatu kuta zilitoka jasho kama ilivyo desturi ya mji huu, na nguo zilikaa kambani siku nne bila kukauka. Watoto wamepanda madarasa. Baba yao bado anahangaika na makontena bandarini, na mimi bado nashika daftari la hesabu. Wageni wetu wengi wakija Guangzhou hufikia Xiaobei au Sanyuanli kwenye maduka, lakini mnajua sisi tuko upande wa mashariki, karibu na mto na meli, na anayetaka pilau ya Jumapili hana budi kupanda treni ya chini ya ardhi kutufuata.

Mwaka jana katika ukurasa huu niliandika namna tunavyopata muhogo na nazi huku ugenini, na wengi wenu mliniletea shukrani. Mwaka huu mhariri aliniomba niandike juu ya watoto na lugha ya Kiswahili. Nimemtaka radhi. Nina deni kwenu la miaka kumi, na nimeona nisiongeze mwaka wa kumi na moja.

Mtakumbuka kwamba mwaka 2015 nililazwa hospitali hapa Guangzhou. Niliwaambia kuwa ni mawe kwenye nyongo. Mlipiga simu, mliniombea dua, na shangazi yetu wa Maskati alituma pesa. Jamaa zangu, hayakuwa mawe. Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza unene. Mume wangu alijua, na daktari alijua, basi.

Naomba mnivumilie nieleze tangu mwanzo.

Mwaka tuliohamia Huangpu niliona mizani mlangoni mwa duka la dawa, mizani ya bure, watu wanapanda na kushuka. Nami nikapanda. Ikaandika 236. Wallahi nilishikilia ukuta. Nilijua kuwa mimi ni mnene, lakini 236? Hata ng'ombe wa kuchinjwa ana heshima yake. Binti wa duka aliniona nilivyogeuka rangi, akaandika kwenye karatasi. Kumbe Wachina hupima kwa jin, na jin moja ni nusu kilo. Nyama sokoni ni kwa jin, mchele kwa jin, na binadamu kadhalika. Kwa hiyo nilikuwa na kilo 118. Nikacheka kwa kufarijika, nikaenda zangu nyumbani. Baadaye tu, nikiwa nakata vitunguu, ndipo nilipojiuliza: tangu lini kilo 118 zikawa habari ya kufariji?

Urefu wangu ni mita moja na sentimita 63. Madaktari wana hesabu yao: huchukua kilo, wakagawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa urefu huohuo. Kwangu mimi jibu lilikuwa 44. Shirika la Afya Duniani husema mtu akifika 25 uzito umezidi, na akifika 30 huo ni unene wa kudhuru. Wachina ni wakali zaidi: wao huanza kuhesabu kwenye 24 na 28. Kwa mizani yoyote ile mimi nilikuwa nimekwisha pita mpaka.

Lakini si mizani iliyonipeleka kwenye kisu. Ni sukari. Mwaka 2013 niligunduliwa kuwa na kisukari. Wengi wenu mlimwona mama yetu siku zake za mwisho. Mliuona ule mguu uliokatwa, na kile kiti chake cha magurudumu kikigonga mlango wa jikoni kwa sababu hakikuweza kupita. Mimi nilipopewa vidonge vyangu vya kwanza, nilichokiona mbele yangu ni ule mlango. Daktari wa hapa aliponieleza kwamba kwa mtu wa uzito wangu mwenye kisukari upasuaji unaweza kusaidia uzito na sukari pamoja, sikuchukua wiki mbili kuamua.

Nieleze kwa ufupi walichonifanyia, maana wengi wanadhani watu hukatwa mafuta. La hasha. Katika upasuaji wa namna yangu, daktari hutenga sehemu ndogo ya juu ya tumbo la chakula, mfuko mdogo mfano wa yai la kuku. Mfuko huo huuunganisha na utumbo kwa chini zaidi, ili chakula kikwepe sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Unakula kidogo na unashiba upesi, na hata homoni za njaa na shibe hubadilika. Lakini kwa kuwa chakula kinakwepa mahali ambapo mwili huchuma madini, mtu analazimika kumeza vitamini na madini maisha yake yote: B12, chuma, kalsiamu, vitamini D. Na ukila kitu chenye sukari nyingi kwa haraka, moyo hukimbia, jasho hukutoka, na inakubidi ulale chini. Kipande kimoja cha haluwa ya sikukuu kilinilaza sakafuni nusu saa, watoto wakanipepea.

Mwaka wa kwanza kilo zilishuka kama maji ya bomba. Mwishoni mwa 2016 nilikuwa na kilo 76. Vidonge vya sukari niliachishwa. Nilipanda ngazi za kituo cha treni bila kusimama katikati. Nilishukuru Mungu, na hadi leo nashukuru. Lolote nitakalosema hapa chini, mtu asije akasema ninajuta. Sijuti.

Mwezi huohuo wa kumi na mbili tulikuja Mombasa kwenye harusi. Mnaikumbuka. Mimi nilikuja na gauni jipya la rangi ya zambarau, fundi kalishona kwa vipimo vipya, nikitarajia vigelegele. Nilipoingia ukumbini, pakawa kimya. Kisha nikasikia yale maneno: "Mbona umekwisha hivi?" Na nyuma ya kanga maneno mengine. Mama mdogo mmoja, Mungu ampe umri, alinivuta jikoni, akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimepima.

Sikumkasirikia, na hata leo simlaumu. Sisi wa umri wetu tunajua kukonda kulikuwa na maana gani. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walionekana Kagera mwaka 1983, na Uganda ugonjwa huo watu waliuita "Slim", jina ambalo madaktari waliliandika hata katika jarida lao la Lancet mwaka 1985. Miaka ile kabla ya dawa kupatikana, tulizika watu walioanza kwa kulegea nguo. Mtu aliyelelewa katika miaka hiyo akiona mashavu ya mwenzake yameingia ndani, moyo wake huruka kabla ya akili. Isitoshe, kwetu Pwani unene una heshima yake. Ukirudi kutoka safari ukaambiwa "umenenepa", maana yake mume anakutunza na ugeni umekupokea vyema.

Lakini tazameni ajabu hii. Siku ile niliyodhaniwa kuwa maiti mtarajiwa, hesabu yangu ilikuwa 28 na nusu hivi. Kwa mizani ya Wachina bado niliandikwa mnene. Mwuza mboga wa hapa Huangpu, ambaye huniambia mambo ya mwili wangu waziwazi kama anavyoniambia bei ya mchicha, alikuwa bado ananihimiza nipunguze kidogo. Mwili mmoja, kilo zilezile: Mombasa naombewa dua, Huangpu nashauriwa niache wali.

Basi mama mdogo aliponiuliza, ilikuwa ndiyo nafasi ya kusema kweli. Nilikuwa peke yangu naye, mlango umefungwa, sufuria zinachemka. Nikasema, "Mama, sina ugonjwa. Ni mazoezi tu, na nimeacha wali wa usiku."

Kwa nini nilidanganya? Niliona haya. Niliona watasema nimeshindwa kujizuia mdomo mpaka nikakatwa tumbo. Niliona watasema nimechezea umbo alilonipa Mungu. Na, niseme kweli yote, niliposema "mazoezi" uso wake ulibadilika ukawa wa kunisifu, nami nikaipenda sifa ile. Kabla ya karamu kwisha nilikuwa nimekwisha kuwa mwalimu. Wasichana wakanizunguka: shangazi, unatembea saa ngapi? Shangazi, asubuhi unakunywa nini?

Sasa niwaeleze jambo ambalo hakuna aliyenitayarisha kwalo. Mwili ulipungua kwa mwaka mmoja na nusu, lakini macho yangu hayakupungua nao. Hadi leo, miaka kumi baadaye, nikipita kati ya meza mkahawani naenda upandeupande, na nafasi ipo ya watu wawili. Nikiona kiti cha plastiki nakibonyeza kwanza kwa mkono. Katika treni naacha nafasi na nusu, abiria wananishangaa. Nikiona kivuli changu kwenye kioo cha dukani siku ambayo sikujiandaa, namwona mwanamke wa kilo 118. Na nikivua nguo, hapo tena namwona mwingine: ngozi imelegea tumboni na mikononi kama shuka lililotundikwa, maana ngozi iliyovutwa miaka ishirini hairudi. Mume wangu hajawahi kusema neno. Mimi ndiye niliyezima taa.

Nilidhani wazimu ni wangu peke yangu. Daktari alinieleza kuwa ni jambo la kawaida kwa waliofanyiwa upasuaji huu, kwamba akili hukawia kuipokea sura mpya, na kwamba kuzungumza na mtu ni sehemu ya matibabu kama vitamini. Lakini mimi ningezungumza na nani? Nilikuwa na mawe ya nyongo.

Kisha kilo zikaanza kurudi.

Hapa nawaomba wasikilize hasa wale wanaoufikiria upasuaji. Huko Sweden madaktari waliwafuata watu zaidi ya elfu mbili waliofanyiwa upasuaji kuanzia mwaka 1987. Waliofanyiwa wa namna yangu walifikia kupungua asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka wa kwanza au wa pili. Baada ya miaka kumi walikuwa wamesimama kwenye asilimia 25. Yaani kurudi kidogo ndiyo njia ya wengi. Mwili uliopungua hutumia nguvu chache kuliko zamani, njaa nayo hurudi polepole, na ule mfuko hujifunza kupokea zaidi. Kama ningeyajua hayo ningeliona jambo hili kama mvi, jambo linalokuja na kutunzwa. Lakini nilikuwa nimewaambia watu kuwa siri yangu ni bidii, basi kila kilo iliyorudi ilikuwa shahidi kuwa nimekuwa mvivu.

Janga la korona lilipotufungia ndani, nilikaa na daftari na biskuti. Chakula kikubwa hakinipiti, lakini biskuti hupita. Mwaka 2022 nilifika kilo 89. Niliacha kwenda kupimwa kila mwaka. Hospitali haikuwa na kosa, mimi ndiye niliyeona haya kupanda mizani mbele ya muuguzi. Vitamini nikazisahau, damu ikapungua hata nikawa naona kizunguzungu. Na harusi ya mwaka 2023 pale Dar es Salaam, mliponiuliza kwa nini sikuja, nilisema viza na tikiti. Haikuwa viza. Lile gauni la zambarau halikufunga.

Sasa nafika kwenye deni lenyewe. Nimepata ruhusa ya mwenyewe kulisimulia, nami simtaji jina.

Binti mmoja wa kaka yangu alikuwa miongoni mwa wale walionizunguka Mombasa. Ni mnene kama nilivyokuwa mimi, ni damu moja. Alijaribu kutembea na kuacha wali. Hakupungua kama mimi, bila shaka, maana hata mimi sikupungua kwa kutembea. Mwaka 2022 aliniandikia: "Shangazi, nimesikia huko kwenu kuna chai ya kupunguza mwili. Nadhani ndiyo siri yako. Naomba uninunulie."

Ningeweza kumwambia. Badala yake nilikwenda dukani nikanunua paketi kumi, nikazitia katika mzigo pamoja na viatu vya watoto. Nilijiambia, chai tu, majani tu, itamdhuru nini?

Jamaa zangu, ipo dawa iitwayo sibutramine. Ilikuwa ikitumika kupunguza hamu ya kula, na mwaka 2010 iliondolewa sokoni Ulaya, Marekani na hapa China kwa sababu ilionekana kuongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Lakini wachunguzi wa dawa katika nchi mbalimbali wameikuta mara nyingi imechanganywa kwa siri ndani ya chai na vidonge vya kupunguza mwili ambavyo paketi zake zimeandikwa mitishamba mitupu. Sijui paketi zangu zilikuwa na nini, hazikupimwa. Ninachokijua ni kwamba binti yetu alikunywa chai ile mara tatu kwa siku, akaacha kula, na wiki ya tano moyo ulimwenda mbio akaanguka kazini. Alilazwa siku nne. Wazazi wake waliambiwa ni uchovu. Yeye hakutaja chai, kwa kunilinda mimi. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema; mimi nilificha dawa, na kifo nusura kimuumbue mtoto wa mwenzangu.

Mwezi wa nne mwaka 2024 alikuja na baba yake kwa biashara. Asubuhi moja tukaenda mimi naye kwenye hekalu la Mungu wa Bahari ya Kusini, ambalo liko hapahapa Huangpu. Siku hizi treni namba 13 inasimama karibu. Hekalu hilo lilianzishwa mwaka 594, na mabaharia walikuwa wakiomba hapo kabla ya kutweka. Huwapeleka wageni wote, maana uani kuna mifenesi. Naam, fenesi letu hasa! Na kuna sanamu ya mgeni mwenye uso mweusi, kavishwa joho na kofia ya Kichina, mkono mmoja juu ya paji la uso, anatazama baharini. Wanasimulia kuwa alikuja kwa jahazi enzi za Tang, akapanda mbegu za fenesi alizozileta, akakawia, na jahazi likamwacha. Akasimama ufukweni akilitazamia mpaka akafa.

Tulikaa kivulini. Binti akaitazama sanamu, akasema, "Maskini, kavishwa nguo zisizo zake." Kisha, bila kunitazama, akaniuliza:

"Shangazi, ile chai, wewe uliinywa?"

"La, mwanangu. Sikuinywa hata siku moja."

Akanyamaza.

"Nilipasuliwa. Mwaka 2015. Yale mawe ya nyongo hayakuwako."

Nilitaraji anikasirikie, na haki yake. Alikaa kimya kitambo, akiokota majani makavu, kisha akasema jambo ambalo sitalisahau: "Basi mimi sikushindwa."

Miaka saba mtoto yule alijiona mzembe kwa sababu alijipima na uongo wangu. Kuzimia kazini ni jambo la siku nne. Hilo jingine ni la miaka saba, nami ndiye niliyemtwisha.

Akaniomba nimwonyeshe. Tukaingia msalani, nikafunua tumbo, nikamwonyesha makovu madogo na ngozi. Alikuwa mtu wa kwanza kuniona mchana baada ya mume wangu na madaktari. Alilia kidogo, kisha akacheka akasema linafanana na tumbo la bibi. Na kweli linafanana. Sikuwahi kuliona hivyo.

Yeye amechagua njia yake kwa shauri la daktari wake, na njia hiyo ni habari yake, si ya ukurasa huu. Mimi nilirudi kwenye vipimo wiki iliyofuata. Sasa nina kilo 84. Sukari imenirudia kidogo, namezea kidonge kimoja, lakini miguu yangu miwili naendea sokoni. Katika kilo 42 nilizozipoteza, 34 hazijarudi. Nilikuwa nikihesabu zile nane tu.

Kwa wale watakaouliza, na natumaini mtauliza, haya ndiyo ninayofuata siku hizi:

Kwanza, samaki, mayai, tofu au choroko huja kabla ya wali, kwa sababu mfuko hujaa upesi na mwili unahitaji protini. Natafuna sana, na maji sinywi na chakula. Nangoja nusu saa.

Pili, mizani mara moja kwa wiki, Jumatatu asubuhi, basi. Zamani nilipanda mara tatu kwa siku, kisha nikaacha miaka miwili. Yote mawili ni ugonjwa.

Tatu, vitamini kila siku na kupimwa damu kila mwaka, hata nikijisikia mzima. Wasichana wajue pia kuwa madaktari hushauri mimba ingoje mwaka mmoja hadi mmoja na nusu baada ya upasuaji.

Nne, kilo zikianza kurudi, kwenda hospitali mapema. Zipo njia, zikiwemo sindano mpya kama semaglutide, ambayo China iliikubali kwa ajili ya unene mwaka 2024. Lakini ni ya daktari, si ya mzigoni. Msiniagize, na chai msiniagize tena.

Tano, kutembea. Jioni nafuata ukingo wa mto hadi meli zinapowasha taa. Sitembei ili nikonde. Natembea kwa sababu naweza.

Lile gauni la zambarau nimelipeleka kwa fundi. Amelitia vipande pembeni vya kitambaa kingine, maana rangi ileile haipatikani tena. Linaonekana wazi kuwa limeongezwa.

Nanyi jamaa, nina ombi moja. Tukikutana, msiniambie nimenenepa wala nimekonda. Najua ni mapenzi, na ndivyo tulivyolelewa. Lakini katika kila familia iliyomo ndani ya kitabu hiki yupo mtu anayelisikia neno hilo akarudi nalo nyumbani. Niulizeni kama nimelala vizuri. Niulizeni habari za watoto. Na mkinipakulia chakula, mnipakulie kidogo, nami nikiacha msiseme nimedharau mpishi.

Mama mdogo wa jikoni, wewe nakuomba radhi kwa namna ya pekee. Uliniuliza swali la mtu anayenipenda, nikakujibu uongo. Harusi ijayo nitakuja, inshallah, na nitakuvuta mimi jikoni.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, nitaandika juu ya watoto na Kiswahili, kama mhariri alivyotaka. Sina la ziada. Wasalimieni wote, wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi ndugu yenu,
Mama wa Huangpu